Mbona gia ina meno 127? Jibu kwa fundi wa Nakuru kuhusu nambari 254

Swali: "Mwalimu, habari za Kisumu? Mimi najifunza kazi kwenye karakana ya kukereza vyuma hapa Nakuru. Mashine yetu ni ya zamani, ya vipimo vya inchi, na ina sanduku la gia za kubadilisha. Gia nyingi zina meno ya hesabu za kawaida, 40, 50, 60, 80, 100, isipokuwa moja kubwa yenye meno 127. Mzee tunayefanya naye kazi hataki iguswe ovyo. Anasema ikipotea hatutakata tena hesi (mifereji ya skrubu) za milimita. Nilipomwuliza kwa nini 127, alijibu tu, 'Ni nusu ya 254.' Hiyo si ndiyo nambari yetu ya simu? Kuna kitu ndani yake ama imetokea tu? Kwa nini gia haikutengenezwa ya meno 125 au 130? Na ikipotea kweli, tunaweza kujichongea nyingine?"

Jibu: Ndugu fundi, mzee wako amekupa jibu zima kwa maneno machache, akakuachia kazi ya kulifungua. Nimefurahi kupata swali hili kutoka karakanani, maana 254 ni nambari ninayoipenda, na sijaona mahali inapojionyesha waziwazi kuliko kwenye sanduku la gia.

Simu kwanza, tuiweke kando. Nambari za kupigia simu nchi za eneo letu zilipangwa kwa zamu: Ethiopia 251, Somalia 252, Djibouti 253, Kenya 254, Tanzania 255, Uganda 256. Hakuna aliyetuchagulia 254 kwa sababu ya sifa zake. Ile ya mashine yako imetoka kwingine kabisa, kwenye inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, bila kuzidi wala kupungua, kwa hiyo inchi 10 ni milimita 254. Simu na inchi zimekutana kwa bahati, lakini nambari haibadiliki tabia kwa sababu ya mahali ilipoandikwa: 254 ni 2 mara 127, na yote utakayoyasoma hapa chini yanatoka kwenye hiyo 127.

Sasa gia. Skrubu kuu ya mashine, ile ndefu inayosogeza kisu, imekatwa kwa inchi. Nitachukulia kwamba ya kwenu ina hesi 8 kwa kila inchi. Zikiwa 4 au 6 utafuata njia ileile. Skrubu hiyo ikizunguka mara moja, kisu kinasonga 25.4 kugawanya kwa 8, yaani milimita 3.175. Wewe unataka hesi ya milimita 2, yaani kutoka mfereji mmoja hadi unaofuata ni milimita 2. Kwa hiyo kila chuma unachokereza kinapozunguka mara moja, skrubu kuu izunguke 2/3.175 ya mzunguko. Ondoa desimali upate 2000/3175, kisha gawanya juu na chini kwa 25. Unabaki na 80/127. Gia ya meno 80 isukume gia ya meno 127, na hesi yako itatoka milimita 2 kamili. Ukitaka milimita 1.5 weka 60 juu ya 127, milimita 1.25 weka 50, milimita 1 weka 40. Gia ya juu inabadilika kila mara, ya chini haibanduki.

Ungeweza kuuliza kama hakuna ujanja wa kuunganisha gia nne au sita ndogo zikatoa uwiano uleule. Hakuna, na sababu yake ni mojawapo ya mambo mazuri kuliko yote katika hesabu. 127 ni nambari tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kulithibitisha hakuhitaji kikokotoo: 12 mara 12 ni 144, tayari imepita 127, hivyo ukijaribu tasa zilizo chini ya 12, yaani 2, 3, 5, 7 na 11, umemaliza. Zote zinaacha baki. Sasa chukua mlolongo wowote wa gia, mrefu utakavyo. Uwiano wake hupatikana kwa kuzidisha meno ya gia zote zinazosukuma, kisha kugawanya kwa zao la meno ya gia zote zinazosukumwa. Ili jibu liwe 80/127 kamili, ni lazima 127 iweze kugawanya zao la chini. Na nambari tasa ikigawanya zao, hugawanya angalau mojawapo ya nambari zilizozidishwa. Jambo hilo limo katika kitabu cha saba cha Euclid, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, kilichoandikwa yapata miaka 2,300 iliyopita, na ndilo linaloitawala karakana yenu: lazima iwepo gia moja yenye meno 127, au 254, au 381. Ndogo kuliko zote ni 127. Gia ya 125 ni 5 mara 5 mara 5, na 130 ni 2 mara 5 mara 13. Zipange usiku kucha, 127 haitazaliwa humo.

Utasikia mafundi wakisema wamekata hesi za milimita bila hiyo gia, na wanasema kweli, ila walichopata ni makadirio. Gia ya 63 ikisukuma ya 100 inatoa 0.63, wakati 80/127 ni 0.62992 na kitu. Hesi ya milimita 2 itatoka milimita 2.00025. Kwa bolti fupi sioni ubaya wowote. Kosa hilo kwenye milimita 300 linakuwa kama milimita 0.04. Wengine hutumia gia za 47 na 37, kwa kuwa 47/37 iko karibu sana na 127/100, yaani 1.27, nusu ya 2.54. Ukizitafuta sehemu zinazoikaribia 1.27 kwa utaratibu, utapata 5/4, 14/11, 33/26, 47/37, halafu 127/100 yenyewe. (Ndiyo, nusu ya nambari ya simu na idadi ya kaunti zetu, 47, zimekaa kwenye foleni moja. Hilo nalo ni bahati, lakini linafurahisha.) Kosa la 47/37 kwenye milimita 300 ni kama milimita 0.06. Kwa skrubu ndefu ya kusogezea mashine nyingine nisingekubali hata moja kati ya hizo mbili, kwa sababu kosa la namna hii halijifuti. Linajumlishwa hesi kwa hesi.

Kuna onyo moja ambalo bila shaka mzee ameshakupa: ukikata hesi za milimita kwenye mashine ya inchi, usifungue nati inayoshika skrubu kuu mpaka umalize kazi. Sababu yake ni 127 ileile. Hesi yako inajirudia kila milimita 2, skrubu kuu inajirudia kila milimita 3.175. Zitakutana lini tena mahali pamoja? Baada ya hesi zako 127, ambazo ni sawa na hesi 80 za skrubu kuu. Na hesi 127 za milimita 2 ni milimita ngapi? 254. Ukifungua nati, itakubidi urudishe kisu milimita 254 kamili, yaani inchi 10, mashine ikiwa imesimama, ndipo kisu kirudi kwenye mfereji wake. Kwingineko kote kitaharibu kazi. Nambari ya simu yetu imo ndani ya mashine yenu kama umbali, na unaweza kuipima kwa rula.

Inchi haikuwa milimita 25.4 siku zote. Mwaka 1893 Marekani iliamua kwamba mita moja ni inchi 39.37, na hiyo hutoa inchi ya milimita 25.40005 na ushei. Uingereza nayo ilikuwa na inchi yake, fupi kidogo tu. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba inchi iwe milimita 25.4 kamili kwa kila mtu. Ile ploti ya futi hamsini kwa mia inayouzwa kila kona ya Nakuru ni mita 15.24 kwa 30.48 kwa sababu ya makubaliano hayo, 15.24 ni 2.54 mara 6, na 30.48 ni 2.54 mara 12. Lakini ninachotaka ukione ni ukubwa wa tofauti kati ya inchi ya 1893 na ya 1959. Zidisha 254 kwa 3937. Fanya kwa mkono: 250 mara 3937 ni 984,250, na 4 mara 3937 ni 15,748. Jumla ni 999,998. Pungufu mbili tu kufika milioni! Kwa hiyo inchi hizo mbili zinatofautiana kwa sehemu mbili katika milioni, milimita 2 katika kila kilomita. Wapima ardhi wa Marekani waliendelea kubeba futi ya zamani kando ya mpya mpaka ilipoachwa rasmi mwishoni mwa 2022.

Na hiyo 3937 ukiivunja, unapata 31 mara 127. Tena 127. Maana yake 999,998 ni 2 mara 31 mara 127 mara 127.

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, kwa hiyo chukua kalamu. Reli ya zamani inayopita Nakuru kwenda Kisumu ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Igeuze kuwa inchi: 1000 gawanya kwa 25.4. Unapata 39.370078740157480314960... na haimaliziki kamwe, kwa sababu 127 iko chini na 127 haiwezi kuingia katika 10, 100, 1000 wala nambari nyingine ya namna hiyo. Desimali isiyoisha ya sehemu hujirudia, na hii inajirudia kila tarakimu 42. Ili uone mpangilio wake, anza na 1 gawanya kwa 127, kisha ukate tarakimu sita sita:

007874 015748 031496 062992 125984 251968 503937

Halafu inaanza upya na 007874. Soma kutoka kushoto. 7874 mara mbili ni 15748. Hiyo mara mbili ni 31496. Mara mbili tena, 62992. Kisha 125984, kisha 251968. Kila kipande ni mara mbili ya kilichotangulia! Cha mwisho kingepaswa kuwa 503936, lakini kinasoma 503937. Sababu ni kwamba ukikizidisha tena kwa mbili unapata nambari ya tarakimu saba, ambayo haitoshi katika nafasi sita, na ile 1 inayofurika mbele inaingia kwenye kipande cha kushoto. Kinachobaki ni 007874, na mzunguko umefunga.

Hakuna uchawi hapa. Umeshaona kwamba 254 mara 3937 ni 999,998. Ni sawa na kusema 127 mara 7874 ni 999,998. Ukigawanya milioni kwa 127, basi, unapata 7874 na baki 2. Unapogawanya kwa mkono, baada ya tarakimu sita umebaki na 2 badala ya 1 uliyoanza nayo, hivyo tarakimu sita zinazofuata ni za 2/127, kisha za 4/127, 8/127, 16/127, 32/127, 64/127. Kinachofuata kingekuwa 128/127. Lakini 128 ni 127 na 1, kwa hiyo baki imerudi kuwa 1, tulipoanzia. Vipande saba vya tarakimu sita ni 42. Nimewahi kuwaandikia wanafunzi mstari huo ubaoni bila kusema neno, na sikumbuki darasa ambalo halikugundua lenyewe.

Umeona basi nguvu ya 127 inatoka wapi. Ni moja pungufu ya 128, na 128 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara saba. Tasa za aina hiyo, zilizo moja pungufu ya vipeo vya mbili, huitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Zinaanza 3, 7, 31, 127, kisha zinaruka hadi 8191. Ni adimu mno: mpaka Oktoba 2024 zilikuwa zimejulikana 52 tu, na ile kubwa kuliko zote iliyotangazwa mwezi huo ina tarakimu 41,024,320. Yako unaishika mkononi, ina mafuta.

Euclid alijua kwamba kila tasa ya namna hiyo huzaa nambari inayolingana na jumla ya vigawanyo vyake, ukiacha yenyewe. 6 ni 1 na 2 na 3. Baadaye inakuja 28, kisha 496. Ya nne ni 8128, na hiyo ni 64 mara 127, yaani 32 mara 254. Vigawanyo vyake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 127, 254, 508, 1016, 2032 na 4064; vijumlishe jioni ukipata nafasi. Peke yake 254 haifiki huko. Vigawanyo vyake ni 1, 2 na 127, jumla 130 tu. Lakini ndani ya 8128 ina nafasi yake, na ukiiondoa jumla haitimii.

254 yenyewe ni 2 na 4 na 8 na 16 na 32 na 64 na 128. Wazazi wako wawili, mababu na mabibi wanne, juu yao wanane: ukipanda hivyo vizazi saba, wote kwa pamoja ni 254, mradi asiwepo mtu anayetokea kwenye ukoo pande mbili. Au chukua mikoa 8 tuliyokuwa nayo kabla ya kaunti. Njia za kuchagua baadhi yake, angalau mmoja lakini si yote, ni 254. Kila mkoa una mambo mawili, kuingia au kubaki nje, na 2 mara 2 hadi mara nane ni 256. Ondoa ile ya kuiacha yote na ile ya kuichukua yote. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayofanya mtandao mdogo wa kompyuta wenye anwani 256 ubaki na 254 za kuvipa vifaa, kwa sababu ya kwanza hutaja mtandao wenyewe na ya mwisho hutumika kuviita vyote kwa pamoja.

Sasa swali lako la mwisho, la kuichonga nyingine. Kwa bikari na rula pekee haiwezekani kugawanya duara sehemu 127 zilizo sawa. Pierre Wantzel, mwanahesabu Mfaransa, alithibitisha mwaka 1837 ni nambari zipi zinakubali na zipi zinakataa. Majirani zetu wa ziwani wamebahatika: 255 inakubali, kwa kuwa ni 3 mara 5 mara 17, na 256 inakubali kwa kukata nusu kwa nusu. 254 inakataa, na 127 vilevile.

Kwenye mashine ya kuchonga gia, kifaa cha kugawanya duara kwa kawaida kinataka mkono uzungushwe mara 40 ili kazi izunguke mara moja. Kwa meno 127 ungezungusha 40/127 ya mzunguko kwa kila jino, na hapo ungehitaji sahani yenye duara la matundu 127 ya kusimamishia mkono. Sahani za kawaida hazina. Tatizo limerudi palepale, na kwa sababu ileile.

Lakini kuna mlango mwingine. Nambari tasa huzuia kuzidisha; kujumlisha haikuzuii. 127 ni 120 na 7. Jifanye unachonga meno 120: hapo mkono unazunguka theluthi moja kwa kila jino, na theluthi unaipata kwa tundu 13 kwenye duara la matundu 39. Ukifanya hivyo mara 127, mkono utakuwa umezunguka mara 42 na theluthi, wakati unaruhusiwa 40 tu. Umezidisha mizunguko miwili na theluthi, yaani 7/3. Basi unaunganisha sahani yenyewe na kazi kwa gia, ili kazi inapozunguka mara moja, sahani irudi kinyumenyume mara 7/3 na kuifuta ziada hiyo. 7/3 ni 56/24. Gia mbili, ya 56 na ya 24, pamoja na gia ya katikati ya kugeuza upande. Hazina 127 ndani yake, na meno 127 yanatoka sawa kabisa, si makadirio. Inataka kifaa ambacho sahani yake inaweza kuunganishwa na gia namna hiyo, na si kila karakana inacho, kwa hiyo mwulize mzee kama anamjua mwenye nacho hapo mjini kabla gia haijapotea. Ukikubaliwa, omba muichonge ya pili sasa, ya kwanza ikiwa bado ipo ya kulinganisha nayo.